Kinu Kilichofudikizwa

Jirani yangu nilimgombeza bure, na mpaka leo sijamwomba radhi inavyostahiki. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Likoni, nyumba yangu na yake zikitenganishwa na ua wa makuti tu. Nilikuwa muuguzi kasualti, kile chumba cha dharura wanapoanza kuingizwa wagonjwa, katika hospitali ndogo ya huko huko ng'ambo ya feri. Zamu ya asubuhi ikiisha nilirudi nyumbani hoi, nikajilaza. Nikiweka sikio kwenye mto tu: ndu, ndu, ndu. Mtu anatwanga.

Siku ya tatu nilishindwa. Nikajifunga leso, nikazunguka ua, mdomo umeshatangulia.

"Bibi weye, hata jua hili hamtupi nafasi? Mwatwanga nini kila siku, mna harusi?"

Alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi. Alinionyesha kwa kidevu. Kinu kilikuwa pembeni, kimefudikizwa, mdomo chini, kuku amelala juu yake. Mchi umeegemezwa ukutani, na buibui ameutandia.

"Tangu Ramadhani hakijaguswa," akasema. Kisha akapunguza sauti. "Kwani wewe wasikia nini?"

Nikageuka nikaenda zangu. Pale uani palikuwa kimya kabisa. Nikarudi ndani, nikaweka kichwa kwenye mto, kikaanza tena, polepole, kama mtu aliyekuwa akinisubiri nilale. Wallahi nywele zilinisimama. Jioni jirani akaniletea ubani kwenye karatasi, wa kufukuzia majini. Mimi niliyekuwa nikiwacheka wanaofukiza, niliufukiza wote.

Kazini sikumwambia mtu. Kazini nilikuwa mkali, na ukali wangu ulikuwa na sababu: nilikuwa najua kazi. Mashine yetu ya presha ilikuwa moja, ya zebaki, kwenye sanduku la bati. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, niliufunga mkono wangu mwenyewe nikajaza upepo, nikasikiliza. Mia na thelathini, miaka nenda miaka rudi. Wenzangu walinitania kwamba mimi ni jiwe la mizani. Nilipenda kuitwa hivyo.

Kisha, kabla ya mambo ya kinu, mashine ikaanguka, ikapelekwa kwa fundi, ikakaa huko miezi. Iliporudi nikajipima: mia na sitini. Nikapima tena, mkono wa pili. Mia na sitini. Nikasema, fundi huyu ametuharibia kitu. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kilichoharibika huenda ni mimi. Nikakata kipande cha plasta, nikakibandika juu ya sanduku, nikaandika kwa kalamu nyekundu: TOA THELATHINI. Na kila aliyeshika zamu akatoa thelathini, kwa sababu niliyeandika ni mimi.

Siku chache baada ya ule ubani akaja mama mmoja kutoka Mtongwe, makamo, miaka hamsini hivi, kitambaa chenye damu amekishikilia puani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole. Kichwa kilimuuma nyuma, kwenye kisogo.

"Na kingine, mwanangu," akasema, akiangalia mlangoni kama anaogopa kusikiwa. "Nikilala nasikia mtu atwanga. Nikitoka nje, hakuna mtu."

Nilitaka kumuuliza kinatwanga sikio lipi, kinaanza saa ngapi, lakini foleni ilikuwa imefika barazani na mimi ni sista, siulizi mambo ya majini mbele za watu. Nikamfunga mkono, nikaweka vifaa masikioni, nikafungua upepo taratibu. Nikasikia vinu viwili. Chake kilikuwa cha haraka, na nyuma yake kingine, kizito, hakipatani nacho. Cha pili nilikijua. Nikachomoa vifaa masikioni kama vimenichoma.

Zebaki ilikuwa imesoma mia na themanini. Nikatoa thelathini, ikabaki mia na hamsini. Siku zile sisi tulishika hesabu ya kale, mia moja ongeza umri wa mtu. Mia na hamsini kwa mama wa hamsini, tuliona sawa.

"Presha yako haina neno, mama," nikamwambia. Damu puani nikasema ni joto. Nikampa vidonge vya maumivu, na nikaharakisha kumtoa, kwa sababu nilikuwa namwogopa. Huo ndio ukweli, nilimwogopa.

Wiki iliyofuata tukaletewa daktari mpya, kijana kutoka Changamwe, mcheshi. Akaliona sanduku. "Hii toa thelathini ni ya nini?" Nikamweleza, kwa fahari. Akamwita mfagiaji wetu, mwanamume mwembamba asiyejua kuumwa, akamfunga mkono pale pale aliposimama na ufagio wake.

"Mia na tano," akasema daktari. "Sista, tutoe thelathini?"

"Toa."

"Sabini na tano. Haya, leteni sanda, huyu ameshakufa." 

Watu wakacheka, na mfagiaji akacheka zaidi ya wote. Mimi sikucheka. Daktari akaniangalia usoni, kicheko chake kikaisha, akavuta kiti. "Kaa nikupime wewe." Mia na sabini na tano. Akapima mara tatu. Kisha akaibandua ile plasta kwa ukucha, polepole, akaniuliza kama nikilala nasikia mlio sikioni.

"Nasikia mtu anatwanga," nikamwambia, mbele za watu wote.

"Hakuna mtu. Ni damu yako mwenyewe."

Akanitilia vidonge mkononi. Mimi nilikuwa nishashika daftari, natafuta jina la yule mama. Tulikuwa tunaandika na alama za nyumba: Mtongwe, nyuma ya kisima, mlango wa buluu. Nikalitia lile sanduku kikapuni, nikaondoka na sare zangu.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Nikapiga hodi, nikaambiwa karibu. Alikuwa mkekani, ameegemea ukuta, na aliponiona akafurahi, na alipofurahi mdomo ukaenda upande mmoja tu.

"Mwanangu! Umekuja kuniangalia!" Maneno yalimtoka mazitomazito. "Allah akujaze kheri. Dawa zako zimekitoa kile kinu. Tangu juzi kimenyamaza."

Nikaketi pale pale. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya leso kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Nikaupima ule wa kulia. Mia na tisini na tano. Safari hii sikutoa kitu.

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ananiombea dua, nani angejua? Lakini nilimwambia yote: mashine, mkono wangu, plasta, ile thelathini. Nilimwambia presha ilikuwa juu siku ile ile alipokuja na nikamrudisha nyumbani, na kwamba lazima twende hospitali sasa hivi.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hakuwa jini."

"Hapana, mama. Ilikuwa damu."

"Na wewe, chako chatwanga bado?"

"Chatwanga."

Kisha kwa mkono wake wa kulia akaunyanyua ule wa kushoto, akauvuta mpaka kwangu, akauweka juu ya goti langu.

"Haya," akasema. "Na huu nao utoe kwenye hesabu, kama ile thelathini."

Ulikuwa wa baridi, na mzito kuliko nilivyotarajia. Sikuweza kuurudisha. Nilikaa nao gotini mpaka gari aliloitiwa na majirani zake lilipokuja kumchukua, na muda wote huo nilikisikia kinu changu, waziwazi, mchana kweupe, bila mto.