Dramu Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Nilianza kujifunza kupiga dramu nikiwa na miaka arobaini na mitatu, mjini Maua, katika nyumba ya kupanga ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa wa mbao. Mpigaji wa kanisa letu alikuwa amehamia Embu. Mchungaji alipouliza ni nani atakayeshika nafasi yake, mkono wangu ulipanda kabla sijafikiri. Nikapewa wiki sita, na seti kuukuu ya kanisa ikaletwa kwangu.

Mimi ni mwalimu. Nilidhani anayefundisha hesabu hawezi kushindwa na kuhesabu hadi nne. Kumbe! Mkono wa kulia ukienda, mguu nao ulikimbilia kuufuata, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Siku ya tatu, saa kumi na nusu, mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa upande wa pili wa mbao, mama mmoja Mwislamu ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu.

"Samahani, mwalimu. Mume wangu amelala."

"Saa hizi?"

"Anapeleka miraa Nairobi kwa gari la mtu. Anatoka hapa usiku, anashusha mzigo kabla ya kupambazuka, anarudi saa sita mchana. Usingizi wake ni huu tu."

Niliona aibu. Tangu siku hiyo nikawa nafanya mazoezi kwenye mito ya kochi. Lakini mto haurudishi kijiti, na matoazi hayapigwi kwa kuwazia. Wiki ya nne nilivuruga mazoezi ya kwaya mpaka wakaacha kuimba. Kiongozi wao aliniita kando. "Mwalimu, kama imekushinda, sema mapema." Nikamwambia haijanishinda.

Alhamisi ya wiki ya tano nilirudi kutoka shule nikakuta pikapu ya jirani haipo mahali pake. Nikajiambia bado yuko njiani. Kuuliza kungehitaji hatua kumi tu, na sikuuliza. Nilikaa nyuma ya dramu nikapiga saa nzima. Na siku hiyo, sijui ilikuwaje, mguu ukaachana na mkono, kila mmoja ukashika njia yake. Nilicheka peke yangu.

Jioni nilitoka kuanua nguo, nikamkuta mume wake akinawa uso mferejini, macho mekundu. Pikapu ilikuwa gereji. Yeye alikuwa ndani muda wote.

"Habari ya jioni, mwalimu," alisema, basi.

Ijumaa nilipotoka shule, mke wake alikuwa amesimama langoni na simu mkononi.

"Hajarudi. Na simu yake imezimwa."

Ilikuwa saa kumi. Nilimshika mkono tukaingia kwake. Aliweka chai ambayo hakuna aliyeinywa. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, alisimama. Akilini nilikuwa naiona pikapu imelala mtaroni, magurudumu juu, majani ya miraa yametapakaa. Mwishowe nikashindwa kujizuia.

"Mama, jana nilipiga dramu. Nilidhani hayupo."

"Nilikusikia." Hakunitazama. "Nilitaka kuja. Nikasema, amevumilia wiki hizi zote, acha apige kidogo."

Akasimama kuipasha chai moto tena.

Karibu saa kumi na mbili mume wake akaingia, kwa miguu, begi begani. Mke wake alimgusa kifua na mabega kama anayekagua kitu kilichoanguka. Akakaa, akatueleza. Alipopita Embu macho yalijifumba. Alipoyafumbua, magurudumu yalikuwa kwenye nyasi na ukingo wa daraja uko mbele. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Kisha akaegesha, akazima simu kwa sababu mwenye gari alikuwa hakomi kupiga, akalala mpaka jua lilipokuwa juu. Miraa ikafika imenyauka. Mwenye gari akachukua ufunguo.

"Nisamehe," nikasema. "Ni mimi niliyekunyima usingizi."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii si mara ya kwanza. Ni ya tatu. Mbili zilinipata kabla hujaleta hizo ngoma."

Mke wake akaweka kikombe chini. "Ya tatu?"

Akainama kufungua begi lake. Niliaga nikaondoka, ila mbao hazifichi kitu. Nilimsikia mama akilia, kisha akisema kwa sauti ambayo sikuwa naijua, "Hiyo barabara huirudii tena." Mume akauliza watakula nini. Mama akasema watakula watakachopata.

Jumamosi nilimwomba mchungaji ufunguo wa kanisa, nikawa napigia huko. Jumapili yangu ilipofika, nilipotea katika wimbo wa pili, kwaya ikanishikilia kwa makofi mpaka nikarudi. Hakuna aliyenisifu, lakini hakuna aliyeniambia niondoke.

Jirani alikaa wiki kadhaa bila kazi, kisha akapata gari la kuuza maji upande wa Muthara, kazi ya mchana. Mke wake hakuninunia. Lakini alichukua muda mrefu kabla ya kuja tena kukaa kwangu, na mimi sikumharakisha.