Maji Niliyokunywa Kabla ya Maziko

Mtacheka, lakini nasema. Tangu reli ifike Kasese biashara yangu ya vitambaa hapa Bwera imenenepa, na mimi pia, mpaka dereva wa lori ananifukuza: "Wewe peke yako iko magunia mawili ya kahawa!"

Mfanyakazi mmoja wa mgodi wa Kilembe, mtu mzuri ila muongo, akaniambia ninywe maji matupu siku kumi, tumbo litaisha. Nikaanza. Nikikaribishwa chakula, naona aibu, nasema nimefunga. Basi msikitini wakaanza kuniheshimu, mnafiki mimi!

Siku ya saba kaka yangu Saidi akafa. Mwanawe akaniambia, "Baba mdogo, wewe mwenye saumu, shika jeneza mbele." Ningekataaje? Nilikuwa nimetoka kunywa kibuyu kizima cha maji nyuma ya nyumba.

Kupanda kilima cha makaburi, njaa ya siku saba ikanizidi. Nikaanguka, na kaka akaanguka juu yangu. Maji yakanitoka mdomoni, mengi, mchana kweupe, mbele ya watu wote.

Mtoto wa marehemu akamfunika baba yake sanda upya. Kisha akaniuliza polepole, "Baba mdogo, na saumu yako?"