Siri Niliyokataa Kuitunza

Nilikuwa mwalimu wa ushauri katika shule moja ya msingi pale Katandala, mjini Sumbawanga. Asubuhi moja ya Juni, wenzake walipotoka kwenda mapumziko, binti wa darasa la sita aliingia ofisini kwangu akafunga mlango. Baridi ilikuwa kali, lakini alivua sweta mwenyewe, akainua shati, akanigeuzia mgongo. Ulikuwa na alama za waya, nyingine zimepona, nyingine bado mbichi.

"Ni baba wa kambo," alisema. "Usimwambie mtu, mwalimu. Uliahidi."

Kweli niliahidi. Nilisimama mbele ya darasa lao nikasema lolote watakaloniambia litaishia kwangu. Nilitaka waniamini.

"Nilikosea kuahidi vile," nilimwambia. "Mtu akikuumiza, siwezi kunyamaza. Ila sitafanya jambo bila wewe kujua. Twende wote ofisi ya ustawi wa jamii."

Aliniita mwongo. Alilia njia nzima, na mimi moyo uliniuma kwa sababu alikuwa na haki ya kusema vile. Lakini tangu siku ile hakulala tena kwa baba wa kambo. Bibi yake mzaa mama alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye kijijini Kate.

Kesi ilipofika mahakamani, wakili wa yule baba alisimama kunihoji.

"Ushauri ni siri, sivyo, mwalimu?"

"Ndiyo."

"Basi umeivunja."

Nilimgeukia hakimu. "Siri ya mtoto naitunza," nilijibu. "Ya anayempiga, hapana."

Wakili akaomba ushahidi wangu ukataliwe. Hakimu alikataa. Alisema siri ya mshauri haiwezi kuwa ngao ya anayemuumiza mtoto, na anayejua mtoto anadhurika ana wajibu wa kutoa taarifa. Akaniambia niendelee. Niliendelea hadi mwisho.

Binti alitoa ushahidi wake milango imefungwa. Mimi na bibi yake tulisubiri nje.

Siku ya hukumu, yule baba alikutwa na hatia. Bibi alipiga vigelegele uani, akamshukuru Mungu kwa Kifipa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili askari wa mlangoni naye asikie. Binti akanishika mkono.

"Siku ile ya ushahidi nilisema yote, mwalimu," aliniambia. "Nilimtazama baba wa kambo usoni. Yeye ndiye aliyeangalia chini."