Mama Ndoo na Dawa ya Plastiki

Wapo wanaosema plastiki ndiyo iliyommaliza Mama Ndoo, Mungu amrehemu. Si kweli. Saratani ndiyo iliyomwua, tena baada ya uvimbe kunywea kwa muda, naye akarudi kwenye kazi yake ya kuziba ndoo na mabeseni.

Kazi aliiweza. Alipasha kisu moto, akayeyusha kipande cha plastiki juu ya ufa, akalainisha kwa kidole gumba kilichokwisha kuwa sugu. Mteja akirudi kulalamika, alimwuliza, "Inavuja, au unaimwaga wewe?"

Saratani ilimshika titi. Dawa za kwanza ziliposhindwa, daktari alimweleza kwamba ndani ya seli zake kuna protini moja mbovu inayouamuru uvimbe ukue. Kuna dawa mpya, uzi mwembamba mno wa polima, jamii moja na plastiki, unaoifikia protini ile na kuifanya itiwe alama ya takataka. Seli yenyewe ikiiona alama, huivunjavunja protini hiyo.

"Siwezi kukuahidi kupona, mama," daktari alisema. "Bado tunaijaribu."

Alikubali, akachomwa sindano ya kwanza. Siku ya sindano ya pili, kaka yake mkubwa akaingia wodini kumchukua, akaombewe nyumbani.

"Umeziba ndoo za watu, sasa unataka kuzibwa wewe?"

"Mimi sivuji, kaka. Nina uvimbe."

"Watakujaza plastiki mwilini."

"Hii inayeyuka ikimaliza kazi. Nimeuliza. Wewe umemwuliza nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifunika shuka, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kaka akashusha sauti. "Kwa hiyo maombi huyaamini tena?"

Hapo alichukia kweli. Akajiinua, akaegemea ukuta.

"Nimeomba tangu siku nilipoligusa hili jiwe titini, wakati wewe hata hujui naumwa. Aliyeweka ufagio ndani ya mwili wangu ni Mungu. Hawa wanauonyesha tu uchafu ulipo. Kama unataka kuniombea, niombee hapahapa."

"Ukichomwa hiyo sindano, mimi sikanyagi tena hapa."

"Mlango si unaujua?"

Muuguzi alikuwa amefika na trei. Akasita, akauliza kama asubiri kwanza ndugu atoke.

Mama Ndoo alikwisha kupandisha mkono wa gauni hadi begani.

"Usimsubiri, mwanangu. Choma aone."