Niliyoyaandika Juu ya Grafu

Programu tuliyokuwa tunaandikia kodi, yale maagizo ya kompyuta, kwenye laptop ya shule haikujua kuchora. Unailisha namba, inakutapikia namba zilezile. Mwenzangu wa klabu ya kompyuta, msichana asiyechekacheka ovyo, alikuwa na namba za wiki tatu: joto la darasa letu, bati tupu bila dari, kipindi kwa kipindi. Alitaka wazazi wauone ukutani mstari unaopanda, wakubali kutuwekea dari. Bila grafu, alisema, watu wazima wanasinzia kwenye namba ya tatu.

Kazi ya kuifundisha programu kuchora nikapewa mie. Shule haina intaneti, kwa hiyo plagini, hivyo vijiprogramu vya kupachika ndani ya programu kubwa, nilizishusha nyumbani Mbagala kwa simu ya dada, nikazibeba kwa flashi. Ya kwanza ilikataa, mpya mno kwa kompyuta yetu. Ya pili, ya zamani, ikakubali. Mstari mwekundu ukatokea pembeni, ukapanda mpaka saa saba mchana. Yule msichana akautazama weee, kisha akasema, "Kumbe akili unazo, unazificha tu."

Hapo ningetulia. Mie sijatulia tangu chekechea. Alipotoka kunywa maji niliingia kwenye mipangilio ya plagini, mahali asipopaangaliaga, nikaagiza kila grafu ijiandikie juu: JOTO LA KIPARA CHA MWALIMU WA TAALUMA. Tungecheka Ijumaa klabuni, tufute, yaishe.

Kikao cha wazazi, kilichokuwa cha wiki iliyofuata, kikasogezwa Alhamisi. Nilijua nikiwa nimebeba viti. Nilipoingia darasani, laptop ilishaunganishwa na projekta. Chochote ambacho ningefungua kingeonekana ukutani. Mwalimu wa taaluma alikuwa mstari wa mbele, anajifuta jasho kichwani.

"Nipishe kidogo," nikamnong'oneza msichana. "Kuna kitu nirekebishe."

"Usiguse. Jana ilifanya kazi."

"Sista, nakuomba."

"Ukiniita sista ujue umeharibu. Umeharibu nini?"

Nikanyoosha mkono kuifikia laptop. Mkuu wa shule akasema tuanze, msichana akabonyeza.

Nikawahi kuweka daftari mbele ya projekta. Kivuli kikafunika sehemu ya juu ya ukuta, mstari ukabaki. Msichana akaanza kueleza. Kila daftari lilipopanda kidogo niliona miguu ya herufi ikichungulia.

"Kijana, toa daftari," mwalimu wa taaluma akasema. "Tusome hapo juu."

"Mwanga mkali, mwalimu. Utawaumiza wazazi macho."

"Macho yana wenyewe. Toa."

Niliwaza kuivuta projekta ianguke. Lakini grafu nayo ingeondoka. Nikatoa daftari.

"Nimeandika mie," nikasema kabla hawajamaliza kusoma. "Yeye hajui."

Mama mmoja akajiziba mdomo kwa ushungi, mabega yanamcheza. Baba aliyekaa nyuma hakucheka. Akauliza, "Sasa na hizo namba ni za utani?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilihesabu viboko tu, sikuhesabu kwamba wiki tatu za mwenzangu zingegeuka kichekesho. Msichana akafungua daftari alilokuwa anaandikia joto. "Kila kipindi mwalimu aliyekuwepo alisoma kipimajoto, akasaini."

Mwalimu wa taaluma akanyanyuka, akalichukua, akapekua kurasa.

"Hii sahihi yangu," akasema. "Na hii. Nyuzi thelathini na saba, nilisoma mwenyewe, shati limenigandia mgongoni. Namba ni za kweli. Endelea, binti."

Akaendelea mpaka mwisho. Walipoulizwa kuhusu dari, mikono ikanyooka mmoja mmoja, wa baba wa nyuma ukiwa wa mwisho. Mie nikaambiwa Jumatatu nije na mzazi.

Watu walipotoka, msichana alivuta laptop bila kunitazama.

"Ni wapi uliandika?"

Nikamwonyesha. Akafuta, akajaribu grafu mara mbili, akahakikisha.

"Na flashi uniachie," akasema. "Kuanzia leo plagini naweka mwenyewe."