Ufunguo wa Jikoni kwa Mama Njoki

Siku yangu ya kwanza kwa Mama Njoki nilipika chakula cha ukoo mzima, na mama mwenyewe alikuwa akiishi peke yake. Alikuja mpaka mlango wa jikoni, akaegemea bakora yake, akatazama sufuria ya ugali, ya mboga na ya nyama.

"Wafula, kuna wageni sijaambiwa?"

Nikamwambia hapana, mama, hiki ni chakula cha mchana tu.

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Basi keti tukule, tujifanye sisi ndio wageni."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi. Ninyi vijana wa siku hizi mnaulizwa vyeti na maswali ya kutega, mimi niliulizwa kama kuna wageni.

Hayo mazoea ya kupika chakula kingi niliyatoa kantini. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo nikizunguka sana katika haya ninayoandika mnivumilie, nitafika. Kantini yetu ilikuwa chini kabisa ya jengo moja la ofisi mjini, upande wa Moi Avenue, na mkubwa wetu tulimwita Chifu. Si chifu wa lokesheni, chifu wa masufuria. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mzito wa chumvi. Siku niliyoingia aliniambia, "Mtu akipanda ngazi kurudi ofisini na bado ana nafasi tumboni, hapo umemwibia." Nililishika neno hilo kama amri.

Chifu ndiye alinifundisha chai. Majani, maji na maziwa vinachemka pamoja, na sukari inaingia humo humo ndani ya sufuria ikiwa jikoni. Sababu yake ilikuwa ya kikazi: ukiacha bakuli la sukari mezani, makarani wanaifunga kwa karatasi na kuipeleka nyumbani. Ikishachemshwa ndani haiibiki. Na haikupimwa kwa kijiko, ilipimwa kwa jicho, na jicho la Chifu lilikuwa kubwa.

Kantini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, watu walipoanza kupenda chipsi za barabarani. Nikafanya kazi kidogo Kitisuru kwa Bwana Meneja, mtu mwembamba aliyekula supu yake ya jioni jua likiwa bado linawaka, kisha akalala kama mtoto. Nilimhurumia. Nilidhani ni umaskini wa kwao alikotoka umemzoesha hivyo. Alipohamishwa, dereva wake akanielekeza Mountain View kwa Mama Njoki.

Huyu mama alikuwa mjane, na alikuwa na ploti Kangemi, nyumba ya ghorofa ya kupangisha, ambayo yeye na marehemu mzee waliijenga pole pole, chumba baada ya chumba. Ghorofa ya mwisho ilimalizika mzee akiwa ameshakufa, na mama magoti yakiwa yameshakataa ngazi. Kwa hivyo aliijenga na hakuwahi kuiona. Alikuwa akisimama chini na bakora, anaita wapangaji, nao wanamjibu kutoka juu kama ndege.

"Tangi inavuja?" anauliza.

"Haivuji, mama!"

"Basi hayo maji yananinyeshea ni ya nani?"

Tukirudi nyumbani ananiambia, "Wafula, nimejenga nyumba na sijui kichwa chake kinafanana aje."

Daktari wa mifupa alikuwa amemwambia goti linaweza kutengenezwa. Lakini mama alikuwa na ugonjwa wa sukari na uzito mwingi, na daktari akasema hatashika kisu mpaka sukari ishuke na mwili upungue, kwa sababu kidonda cha mtu mwenye sukari nyingi kinakataa kupona. Mama alirudi nyumbani. Kesho yake akaniita sebuleni.

"Nimefunga kwa ajili ya kanisa mara ngapi? Nimefunga mvua inyeshe, nimefunga Njoki apite mtihani. Sasa nafunga kwa ajili ya goti. Usinipikie kitu mpaka jua liingie."

Njoki ni binti yake, wakati huo alikuwa ameajiriwa kwa benki Mombasa. Alipigiwa simu akasema hata wenzake ofisini wanafunga wapungue, ni jambo zuri. Sasa hebu fikiria mpishi wa nyumba ya mtu mmoja, na huyo mtu mmoja hali. Nilipanguza masufuria safi. Nilipanga vikombe, nikavipangua. Kazi niliyobaki nayo ilikuwa flaski, kwa sababu hakuna mtu aliyesema mama asinywe chai. Chai si chakula. Ukimwuliza mtu wa kwetu kama amekula, atakuambia, "Sijakula, nimekunywa chai tu." Kwa watu wa kwao mama ni hivyo hivyo. Nilijaza flaski asubuhi, nikaijaza saa nne, nikaijaza tena alasiri, chai ya Chifu, na mama akanibariki kwa kila kikombe.

Jua likiingia, hapo sasa nilifanya kazi. Mukimo wa kupondwa na mahindi, nyama, viazi, chapati kama kulikuwa na mgeni wa maombi. Alingoja taarifa ya habari iishe ndipo aanze, na alikula kama mtu anayelipiza. Asubuhi namkuta kitini macho mekundu. Hakulala. Tumbo lilimlemea, kiu ikamwamsha, na choo kilimwita mara kwa mara, na kila safari ya choo na lile goti ilikuwa kama kupanda ngazi za Kangemi.

Alipoenda kupimwa, sukari ilikuwa imepanda kuliko mwanzo.

Sikuwahi kumwona vile. Aliweka kibeti mezani bila kukaa. "Wafula, nakuuliza kama mtoto wa mamangu. Unaniwekea nini kwa mboga?"

"Mama, chumvi na kitunguu."

"Basi ni Mungu amekataa hilo goti." Akaingia chumbani. Nikaanza kukunja nguo zangu ndani ya begi, maana mpishi akishaulizwa anaweka nini kwa mboga, kwa desturi yetu hiyo ni barua ya kuachishwa.

Sikuachishwa. Keshokutwa yake aliniambia nivae shati zuri, Sista amesema aletewe mtu anayepika. Huyo Sista alikuwa muuguzi wa kliniki ya sukari kule karibu na Adams Arcade, mama wa makamo, miwani kifuani na sauti ya mwalimu wa chekechea. Tuliketi mbele yake kama wanafunzi wawili wachelewaji.

"Mama, jana mchana ulikula nini?"

"Sikukula. Nimefunga."

"Hata kitu kidogo?"

"Chai tu."

"Chai gani?"

Mama akanitazama kana kwamba Sista amepotea njia. "Chai. Kwani kuna chai ngapi?"

Sista akanigeukia. "Baba, nielezee unavyoitengeneza."

Nikaeleza kwa fahari, nusu kwa nusu maji na maziwa, majani yaive, sukari ndani. Akauliza sukari kiasi gani. Nikamwambia ya kutosha. Akauliza ya kutosha ni nini, nikamwonyesha kwa kiganja. Alivaa miwani akatazama hicho kiganja changu, akavua miwani.

"Na anakunywa mara ngapi?"

"Mpaka flaski iishe," nikasema. "Halafu najaza."

Sista aliinamisha kichwa mezani na mabega yakatikisika. Alipokiinua machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka. "Mama yangu, wewe hujafunga hata siku moja. Umekula kutwa nzima, tofauti ni kwamba umekula kwa kikombe."

"Sista, chai si chakula."

"Kwa mdomo si chakula. Kwa damu ni chakula."

Kisha akaacha kucheka, na hapa nataka msome pole pole. Alimwuliza mama kama alipoanza kufunga aliendelea kumeza tembe zake za sukari. Mama akasema ndiyo, kila asubuhi, hajakosa. Sista akasema zile tembe kazi yake ni kushusha sukari, na mtu akizimeza halafu asile, sukari inaweza kushuka mpaka atetemeke, atoke jasho baridi, aanguke jikoni asiamke. "Hiyo chai mbaya ya huyu baba ndiyo imekuwa ikikushikilia. Ungefunga kikweli na hizo tembe, bila kumwambia daktari, pengine leo tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Nilikuwa sijui kama nijivunie au nijifiche.

"Kwa hivyo nisifunge?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilijua anaiona ile ghorofa ikipaa.

"Tutamwuliza daktari wako apange dawa upya. Lakini kuanzia leo, usifunge mdomo, mama. Funga jikoni. Kula asubuhi, kula mchana, na cha jioni ukile mapema na kidogo, jua lingalipo. Ukimaliza, jikoni inafungwa mpaka asubuhi. Utakuwa umefunga ukiwa umelala, na hakuna mtu anayesikia njaa akiwa usingizini. Na chai, sukari nje."

Hapo ndipo nilimkumbuka Bwana Meneja wa Kitisuru na supu yake ya jua, nikajua nilimhurumia bure.

Mama Njoki ni mtu wa kushika neno kama lilivyo. Aliambiwa afunge jikoni, akanunua kufuli. Jioni nikishaosha vyombo, yeye mwenyewe alikuja na bakora, akafunga mlango, akanipa ufunguo. "Nikikuomba huu kabla ya asubuhi, uniambie umepotea."

Mara ya kwanza aliuomba. Nikamwambia umepotea. Akaniuliza, "Umepotelea wapi?" Nikamwambia mfukoni. Akaenda kulala huku ananung'unika kwa Kikuyu, na sikuomba tafsiri.

Mimi nilijifunza kazi upya uzeeni. Kupunguza mafuta si vigumu. Kazi ni kupika kidogo, maana jicho la kantini halijui kidogo. Chifu angenifukuza. Nilinunua sufuria ndogo, ile ya kuchemshia uji wa mtoto, nikajilazimisha. Mboga ikawa nyingi, ugali ukawa wa kukunja ngumi moja, viazi vikapewa likizo.

Vita vilikuwa chai. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuja Jumamosi, nikamimina, wakaonja, wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole wa kuchoma, "Mama Njoki, wapangaji wamekataa kulipa?"

"Wamelipa."

"Ni vile naona sukari imehama hii nyumba."

"Haijahama," mama akasema. "Imehamia kwa bakuli. Wafula, waletee bakuli, na uhesabu vijiko vikirudi."

Walicheka, wakajiwekea. Baada ya muda wawili wao walianza kuacha bakuli lipite.

Usingizi ndio ulitangulia kurudi. Uzito ulishuka kwa uvivu, sukari ikashuka ikapanda ikashuka, lakini usingizi ulikuja kama mtu aliyekuwa anangoja nje. Asubuhi moja nilimkuta mlangoni ananingoja mimi, uso umechangamka. "Nimelala mpaka nikaota," akasema. Nikamwuliza ameota nini. "Chapati," akasema. "Fungua mlango."

Mwishowe daktari wa mifupa akatazama vipimo akakubali. Goti likatengenezwa, kidonda kikafunga vizuri, na baada ya mazoezi mengi ya kulalamika, siku moja asubuhi mama akaniambia nibebe maji, tunaenda Kangemi.

Alipanda ngazi moja moja, mkono ukutani, ule ukuta alioununulia mawe. Kila ghorofa wapangaji walitoka kusalimia, yeye hakusimama. Tulipofika juu kulikuwa na tangi, na kamba za nguo, na shuka za watu zinapepea, na chini Waiyaki Way na magari madogo kama vibiriti. Alizunguka polepole. Akagusa tangi, akapapasa chini yake, vidole vikarudi vimelowa.

"Nilijua inavuja," akasema, na akafuta macho kwa ule mkono uliolowa.

Mpangaji wa ghorofa ile, mama mmoja wa kwetu magharibi, upande wa Busia, akatoka na kikombe. "Mama landlord, leo umefika kwangu. Huwezi kushuka bila chai."

Mvuke wake ulinifikia. Nilijua ile harufu. Ilikuwa chai ya Chifu, sukari ndani, ya kutosha. Mama Njoki aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa funda moja akafumba macho. Kisha akanipa kikombe.

"Maliza, Wafula. Wewe bado uko na magoti."

Nilimpikia miaka mingine kadhaa, kisha mgongo wangu ukasema imetosha, nikarudi nyumbani Bungoma. Watu huniuliza nilipata nini kwa kazi ile. Kazi ya mpishi haibaki, inaliwa. Nilifunzwa na Chifu kushibisha watu, na nikafunzwa na mama mmoja kwamba kuna kumpenda mtu kwa kumnyima. Ninyi mnaotaka kufunga, mkiwa na dawa za sukari, mwulizeni daktari kwanza, na mkiulizwa mmekula nini, tajeni chai.

Nilipofungua begi nyumbani nilikuta ufunguo wa jikoni mfukoni mwa koti. Nikapiga simu kuomba msamaha.

"Kaa nao," akasema. "Nilinunua kufuli ingine. Wewe Wafula, saa hii jua limeingia, umekula?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakitazama, nikakiweka mezani.

"Nimekula, mama," nikamjibu. "Na nimefunga."