Nilitoa Damu Yangu kwa Jina la Pacha Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Si maabara, si daktari, wala si maisha ya kambi. Ni mimi, mama mtu mzima, muumini wa kanisa, muuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, katika soko la hapa kambi ya Nakivale, Uganda.

Nimechoka kulibeba peke yangu, ndiyo maana naandika. Jina langu naomba nilifiche, na la pacha wangu pia. Yeye nitamwita Feza, ingawa sivyo anavyoitwa.

Tulizaliwa siku moja, kule Kivu ya Kusini, mimi nikatangulia. Kwa hiyo ananiita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa nilimpita kwa muda wa kuchemsha maji tu. Tunafanana mpaka mchungaji wetu hutuchanganya. Mama yetu alitulea kwa desturi ya kwetu: pacha mmoja akiugua, wote wawili wanakunywa dawa. Feza akishikwa na homa, mimi niliyekuwa nacheza nje naitwa, nashikwa pua, nanyweshwa yale majani machungu. Mama alisema mapacha ni damu moja. Nami nilikua naamini hivyo.

Leo Feza ni mjane mwenye watoto wanne. Uchovu wake ulianza kidogo kidogo. Analima mistari miwili ya maharage, anakaa. Anatoka bombani na jerikani, anaitua mara tatu kabla ya kufika nyumbani. Akaanza kutafuna udongo, ule mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande, akisema unamtuliza.

Nikawa nalima kwake na kwangu. Wiki ya kwanza kwa huruma, wiki ya pili kwa kununa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Nikimwona amekaa kivulini nasema moyoni, huyu sasa amepata kijakazi.

Tuna kaka yetu aliyepelekwa kuishi ng'ambo. Siku moja alimsikia Feza akihema kwenye simu. Akasema amesoma mtandaoni kwamba uchovu wa namna ile huenda ni upungufu wa madini mwilini: chuma, zinki, magnesiamu, na mengine ambayo sikuyashika. Akatafuta maabara ya watu binafsi huko mjini Mbarara, upande wa kwenda Ruharo, akalipia huko huko aliko. Siku na saa zikapangwa kwa jina la Feza.

Kwa jina la Feza tu! Mimi niliyeshika jembe tangu alfajiri, hakuna aliyeniuliza kama ninacho hicho chuma. Niliona wivu, nakiri. Wivu wa mtu mzima unanuka kuliko wa mtoto.

Basi siku ile ya kipimo ikagongana na siku ya kuhakiki majina. Walioishi hapa wanaelewa: mkuu wa kaya anafika mwenyewe na kuweka kidole kwenye mashine, asipofika jina lake linaweza kutoka kwenye orodha ya mgao. Mkuu wa kaya ile ni Feza. Hakuna mwingine ambaye angemwekea kidole.

Nikamwambia wa kumtolea damu yupo. Maabara ilihitaji jina na ujumbe wa simu, basi. Feza alisita.

"Yaya, na kama hii ugonjwa iko yangu peke yangu?"

"Siye ni mapasa," nikamjibu, yaani mapacha. "Mama alitunywesha dawa wote, tukapona wote. Kama unakosa chuma, na mimi ninakosa."

Akakubali. Tangu utotoni amezoea kukubali ninachosema.

Tungeweza kupiga simu tukaomba siku nyingine. Sikujaribu hata kidogo. Nilitaka ile safari ya Mbarara, nilitaka na mimi nikae kwenye kiti nihudumiwe.

Aliyenipokea pale alikuwa dada wa Kinyankore, mpole, mwenye sauti ya chini. Akaita jina la Feza, nikaitika. Akashika kalamu na kuanza maswali ya kwenye fomu yake. La tatu au la nne likawa hili:

"Nyabo," akaniita, yaani mama kwa lugha yao, "kila mwezi unatoka damu mingi?"

Hapo ndipo lilipo kosa langu, wenzangu. Yale ya nyumbani ningeweza kuyasingizia ujinga. Hapa nilijua. Mimi na Feza tunafua pamoja, vitambaa vyake nimeviona. Siku zake zinapita wiki, na yeye huficha vile vitambaa chini ya nguo nyingine kwa aibu. Zangu mimi ni siku tatu, zimekwisha. Swali moja tu lilitosha kunionyesha kwamba hii ni miili miwili.

Ningeweza kusimama nikasema samahani dada, mgonjwa mwenyewe amebaki Nakivale. Nilisema hapana.

Akauliza kama nakula udongo. Nikasema hapana.

Alipokuwa anatafuta mshipa akaniambia taratibu, "Kama iko taabu ingine, sema tu. Damu inatuambia kidogo, mgonjwa ndiye anatuambia mingi."

Niligeuza uso nikaangalia ukuta. Sindano ikaingia mkononi mwangu, damu yangu ikajaa kwenye kichupa chenye jina la mdogo wangu.

Niliporudi sikumwambia Feza habari za lile swali. Nilimwambia kila kitu kilikwenda salama.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya siku chache, nikayachapisha kwenye duka la Base Camp, hapa hapa kambini. Kila mstari ulisema kawaida. Chuma kawaida, zinki kawaida, mpaka chini. Nami nilifurahi! Sikufurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi.

Nilimsomea mbele ya binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na sita. Nikamwambia aache kudeka, karatasi imesema ni mzima, kilichobaki ni uvivu.

Feza aliichukua ile karatasi akaitazama kwa muda mrefu, ingawa Kiingereza hasomi. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa plastiki anamotunza kadi ya familia. Sisi wakimbizi ni watu wa karatasi. Karatasi ndiyo inayosema wewe ni nani, watoto wako wangapi, na mwezi huu utakula au hutakula. Ikisema wewe ni mzima, utaanzia wapi kubisha? Hata ukijua damu si yako, ukishaambiwa na mkubwa wako kwamba ni moja, unabisha na nani?

Tangu siku ile hakusema tena kwamba amechoka. Akawa anaamka kabla yangu, anashika jembe, anasimama na kulishikilia kama fimbo, kisha anaendelea. Mimi nikajisifu mbele ya wamama wa kanisa kwamba nimemtibu mdogo wangu kwa karatasi. Tukacheka. Ee Mungu, tulicheka!

Ilipita miezi mitatu. Asubuhi moja alianguka kwenye foleni ya maji. Nilipofika nilikuta midomo yake imekuwa myeupe na moyo unamwenda mbio mpaka unauona ukipiga chini ya kitenge. Watu wa kituo cha afya cha hapa kambini hawakuchelewa, walimtia kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa mjini Mbarara. Nilipanda mimi na binti yake.

Daktari akasema damu imekaribia kumwishia. Wakaanza kumwongezea. Kisha akauliza kama amewahi kupimwa siku za karibuni. Yule binti, kwa adabu kabisa, akafungua mfuko wa plastiki akatoa karatasi.

Daktari akaisoma mara mbili. Akasema kama miezi mitatu iliyopita mgonjwa alikuwa na chuma cha kutosha namna hii, basi damu hii imetoka ghafla, na lazima ijulikane inatokea wapi. Wakaanza kutafuta. Amepigwa? Ameanguka? Amekunywa nini? Wakapanga kumpitisha mpira kooni waone kama tumbo linavuja kwa ndani, na yeye hata kugeuza shingo hawezi. Watu wazima na elimu yao walihangaika siku nzima kwa sababu ya damu yangu mimi.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kwenye mkeka kando ya kitanda, kimya! Niliogopa kaka atajua. Niliogopa kanisa. Niliogopa hata polisi, maana nilikuwa nimetumia jina lisilo langu. Nilimwacha pacha wangu ahangaishwe ili mimi nisiaibike.

Jioni ikiingia, binti yake aliyekuwa ameshika nyayo za mama yake ili zipate joto akaniuliza, "Mama mukubwa, karatasi si ilisema iko muzuri?"

Nilisimama nikamfuata daktari kwenye meza yake. Nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alianza upya maswali yale yale ya maabara, na safari hii nikajibu kwa niaba ya Feza: damu ya kila mwezi, vitambaa, udongo, jerikani inayotuliwa mara tatu njiani. Akaandika. Alipomaliza akaikunja ile karatasi na kunirudishia.

"Hii ni yako, nyabo. Mgonjwa wetu hana karatasi. Tunaanza upya."

Wakapata uvimbe kwenye kizazi, wa muda mrefu, uliokuwa ukimvujisha mwezi baada ya mwezi. Madini ya mwili yalikwisha kwa njia hiyo. Feza alilazwa wiki nyingi, akatibiwa, akarudi nyumbani. Lakini moyo wake ulikuwa umeshachoka kusukuma damu nyepesi kama maji, na daktari hakutuahidi kwamba utarudi kama zamani. Jembe haruhusiwi, jerikani haruhusiwi. Angegunduliwa siku ile ya kipimo, labda moyo ungekuwa haujaguswa. Neno hilo "labda" ndilo linaloamka nami kila asubuhi.

Majuto ni mjukuu, nimempata wangu. Nilimweleza Feza kila kitu, na lile swali la maabara nililomficha. Alisikiliza mpaka mwisho, hakulia.

"Mimi nilikuwa najua mwili yangu, yaya," akasema. "Nikawaza mwili ndiyo inadanganya, sababu wewe ulisema."

Alinisamehe, tukaomba pamoja. Kaka alikaa muda mrefu bila kunipigia, sasa anapiga, anasalimia na kukata. Mashamba yote mawili nalima mimi, na safari hii sinuni. Hiyo si adhabu.

Adhabu ni hii. Jumapili iliyopita nilimkuta kando ya njia ya kanisani, amekaa chini, anahema, mkono kifuani. Nikamuuliza anajisikiaje. Akaninyanyulia uso huu huu wangu, akatabasamu.

"Niko muzuri, yaya."

Nikamuuliza tena, akajibu vile vile. Akasubiri nipite kwanza ndipo ajaribu kusimama. Siku hizi kila nikimuuliza hunijibu hivyo, na mimi sina tena njia ya kujua kama ni kweli.

Wewe unayesoma, kama kuna mgonjwa kwenu, mpelekeni yeye mwenyewe, hata mngekuwa mmetoka tumbo moja siku moja. Siku ikigongana na jambo jingine, ombeni siku nyingine, ikipotea, ipotee. Na mtu wako akikwambia amechoka, mwamini siku hiyo hiyo, kabla hajajifunza kukujibu kwamba ni mzima.